Mgonjwa Mzima wa Daktari Sufyan

Sufyan alirudi Kibokoni mwaka wa tisini na tatu na digrii ya udaktari kutoka Odessa, na mtaa mzima ukamwita daktari. Serikali peke yake ndiyo iliyokataa, mpaka afaulu mtihani wa leseni. Alikwisha kuanguka mara mbili, naye alijitetea kwamba magonjwa aliyajua vizuri, ila kwa Kirusi.

Mara ya tatu akapewa mgonjwa wa kumhoji mbele ya mtahini. Kumbe ni Bi Maisara, jirani yao.

"Shikamoo, Bi Maisara."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?"

"Hajambo. Waumwa na nini?"

"Mimi? Mzima, alhamdulillahi."

Sufyan alijua anamficha. Bi Maisara aliogopa kwamba lolote atakalolisema hapa litamfikia mamake Sufyan kabla ya magharibi. Chuo kilimfunza kudadisi. Kibokoni ilimfunza kutomchokonoa mtu mzima. Kibokoni ilimwahi mapema zaidi.

"Mgonjwa ana tatizo gani?" mtahini akauliza.

"Ni mzima," akajibu Sufyan, akiiaga leseni.

Bi Maisara akamgeukia mtahini. "Huyu ndiye daktari. Nyinyi wengine mwauliza mno."

Sufyan akamshukuru kwa dhati, maana hakutoka na sifa nyingine siku hiyo.