Kitambaa cha Bondeni

Kazi yangu ni kuzika vitambaa. Nikisema hivi watu hucheka, na aliyekuwa akicheka kuliko wote ni mama. "Mwanangu kasomeshwa hata chuo kikuu, na yeo hii kazi yake kuzika matambara!" Lakini ndivyo tunavyopima pale maabara. Mkulima akileta udongo wa shamba alilopiga dawa ya wadudu, tunafukia ndani yake kipande cha pamba safi, tunangoja wiki kadhaa, kisha tunakifukua. Udongo wenye uhai hula pamba kama unavyokula majani makavu. Kitambaa kikitoka kimetoboka na kuchanika, tunajua vijidudu wa ardhini wanafanya kazi yao. Kikitoka kizima, dawa imewamaliza na wao.

Vitambaa nilipewa na mama. Yeye alikuwa mwosha maiti, akiitwa kila nyumba iliyofiwa na mwanamke hapa Mji wa Kale, na chumbani mwake halikukosekana jora la bafta, pamba nyeupe ya sanda. Mabaki ya bafta alinikunjia akaniwekea. "Mimi na wewe twalisha mtanga mmoja," alikuwa akinitania, yaani udongo mmoja.

Uani kwetu, nyumba chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, alikuwa na kijibustani cha asumini na rehani kando ya ukuta. Kukiwa na harusi mtaani, wanawake walikuja kuchuma maua ya vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipamba navyo, na wote walikubaliana kwamba mama ana mkono. Akichomeka kijiti, kijiti kinashika. Yeye mwenyewe hakulikana jambo hilo. Alipenda kusifiwa, na haki yake.

Kisha mchwa wakaingia nyumbani. Walipanda kwa ukuta ule ule wa bustani wakaanza kula boriti za dari. Nilikasirika. Nilinunua dawa ya mchwa, ile ya kumwaga kwenye udongo chini ya ukuta, nikaichanganya mwenyewe kwa kipimo mara mbili ya kilichoandikwa kwenye mkebe. Mimi, ninayewakaripia wakulima kila siku kwa kosa hilo hilo! Mama alisimama mlangoni akiniangalia.

"Na asumini yangu je?"

"Haitadhurika, mama. Hii ndiyo kazi yangu."

Mchwa walikufa. Baada ya wiki chache rehani ikanyauka, kisha asumini ikaanza kupukutika majani kutoka chini kwenda juu. Mama alichomeka miche mipya, ikakauka. Akachomeka mingine. Siku moja akaniuliza polepole, bila kunilaumu, "Si ile dawa, mwanangu?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa na kiburi cha cheti. Nilimwambia tutapima, tusikisie. Mbele yake nikafukia kipande cha bafta yake mle bustanini, na kingine nikakipeleka kwa mama mdogo, Bondeni, ambaye ana bustani kama yetu isiyowahi kuona dawa, ili tupate cha kulinganisha. Mama alifurahi kwamba safari hii napima kitu chake. Kila Ijumaa aliuliza kama muda umetimia.

Muda ulipotimia nilianzia Bondeni. Kitambaa cha huko kilitoka nyuzi tupu, kimeliwa hadi kubaki kama wavu. Nikakitia kwenye bahasha nikarudi nyumbani. Mama alikuwa ameitwa kuosha maiti, kwa hiyo nilifukua chetu peke yangu. Kilitoka kizima. Nilikisuuza chini ya bomba kikawa cheupe, ungeweza kukishona mfuko. Nikakitia kwenye mkoba wangu.

Mama aliporudi hata buibui hakuvua. "Haya, nionyeshe."

Nikafungua bahasha.

"Hiki ndicho chetu?"

"Ndicho."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Niliona haya. Alikishika kile kitambaa cha Bondeni, akapitisha vidole kwenye matundu, akasema, "Alhamdulillahi, mtanga wangu mzima." Nami nikashusha pumzi, mpumbavu mimi, nikidhani nimemaliza. Mama akakaa kitako kwenye baraza ya ndani. Akageuza viganja vyake akaviangalia.

"Basi ni mimi," akasema. "Mkono wangu umekufa."

Nilicheka, nikamwambia aache maneno hayo. Hakuyaacha. Alichomeka miche mara moja zaidi, na ilipokauka hakugusa tena udongo. Halafu akaanza kukataa kwenda kuosha maiti. Wakija kumwita alisema mgongo unamuuma. Mimi peke yangu aliniambia ukweli: "Mkono usio na baraka niutie kwenye maiti ya watu?" Nilikuwa na kitambaa kile kizima ndani ya mkoba wangu, na kila asubuhi nilisema nitamwambia jioni. Nilisema hivyo karibu mwaka mzima.

Mama alifariki kabla sijamwambia. Aliumwa siku tatu tu. Waliomwosha ni wanawake aliowafundisha mwenyewe, na mimi nilimimina maji. Tulipofika mkono wake wa kulia, mmoja wao aliniachia niuoshe. Ulikuwa mwepesi, na kucha zake fupi kama siku zote. Niliuosha mara tatu. Maneno yalinijaa kinywani na sikuyatoa, kwa kuwa niliwaonea haya waliokuwapo. Hata pale.

Tulimvika sanda ya bafta kutoka jora lake.

Baadaye niliendelea kufukia vitambaa bustanini, kimoja baada ya kingine. Mvua zilipita. Cha kwanza kilitoka kizima, cha pili kikatoka na madoa. Mwaka huu kimoja kilitoka kimetobokatoboka, nikachomeka kijiti cha asumini nilichopewa na mama mdogo. Kikashika.

Juzi jirani yetu, rafiki ya mama, alikuja kuomba maua ya kikuba cha mjukuu wake. Alikuta yamechanua machache akafurahi. "Mashallah, una mkono, mwanangu," akasema. "Mamako, Mungu amrehemu, siku za mwisho wake ulikuwa ushamtoka."

"Haukumtoka," nikamwambia. "Ni mimi niliyetia sumu mtangani. Nilijua, nikamficha."

Alinitazama. Asumini ilikuwa kiganjani mwake. Akaiweka yote juu ya ukingo wa kisima cha uani, akajifunga buibui lake, akatoka.