Mkokoteni Ulioshuka Ibaba Bila Breki

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinikalisha mbele ya kompyuta pale karakana ya mikokoteni, Tunduma, akafungua ukurasa wenye neno moja tu: MKOKOTENI. "Haya, uza," akasema. Nikamuuliza upi, maana uani nilikuwa nimeona ya kila namna. Akacheka, akabonyeza, na chini ya lile neno yakafunguka maswali: wa ng'ombe au wa punda, ekseli nene au nyembamba, ubavu wa mbao au wa bati, breki au bila breki. Kila alipojibu, picha ilibadilika, na pembeni orodha ya vifaa ikajiandika yenyewe hadi nati ya mwisho. Mimi niliyezoea kuandika oda kwenye kaunta buku nilishika mdomo. Neno moja lilikuwa limebeba mikokoteni mingi kuliko ambayo karakana ingeunda maisha yangu yote.

Bidhaa ya namna hiyo tuliiita bidhaa mama. Haina umbo mpaka mteja ajibu. Karani asipouliza jambo, mfumo hujaza jibu la kawaida lililowekwa mapema. Kwenye breki, jibu la kawaida lilikuwa "bila", kwa sababu wateja wetu wengi walikuwa wafugaji wa bondeni Momba, ambako njia ni tambarare. Hata wale wa Nakonde, waliovuka mpaka kutoka Zambia na salamu zao za "mulishani", hawakutaka breki.

Nakiri nilipenda sifa. Nilitaka kuitwa mwepesi. Basi oda mpya ikija, nilinakili ya zamani, nikabadilisha jina na mahali, nikatuma karakana. Fundi Mkuu, Mnyiha asiyependa maneno mengi, alinionya mara moja tu. "Binti, wewe unatuma karatasi. Mimi nachomelea chuma, na chuma hakifutiki." Nikajisemea ni wivu wa mtu wa nyundo.

Ndipo akaja Mama Atupele, mkulima wa viazi kutoka Ibaba, akitaka mkokoteni wa ng'ombe. Nikanakili oda ya mfugaji mmoja wa Momba. Oda ilikwisha kabla hajamaliza kahawa niliyomkaribisha.

Wiki mbili baadaye Fundi Mkuu aliingia ofisini kofia mkononi. Mkokoteni ulikuwa unashuka mlimani umejaa viazi, ukawazidi nguvu ng'ombe, ukawasukuma. Mmoja alivunjika mguu, ikabidi achinjwe. Mama Atupele alikuwa mbele anawaongoza. Alipona kwa kuruka mtaroni.

Tukapanda Ibaba, mimi na Fundi Mkuu, na breki nyuma ya pikapu. Nilijiandaa kutukanwa. Mama Atupele alitupa viti, kisha akatupeleka juu ya ule mteremko, akaniacha niutazame.

"Siku ile uliniuliza nini, mwanangu?"

"Jina, mama. Na unakotoka."

"Hata ungeniuliza breki, ningesema sitaki. Sijawahi kuwa na mkokoteni, breki nitazijulia wapi? Ungeniuliza njia ya shambani kwangu, ningekueleza mpaka jioni."

Sijawahi kupewa somo kama hilo na bosi yeyote. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikuwa ameona kosa la mfumo wetu mzima: tulimuuliza mteja habari za vyuma, wakati yeye anaijua ardhi yake.

Kampuni ilimpa ng'ombe mwingine. Mimi nikaliondoa swali la breki, nikaweka jingine mwanzoni kabisa: njia yako inashuka wapi? Jibu likitaja mteremko, breki zinaingia, na hata Meneja hawezi kuzitoa. Kila kanuni kwenye mfumo ina nafasi ya kuandika sababu. Niliandika: "Ng'ombe wa Mama Atupele, Ibaba." Meneja akaguna kwamba hiyo si lugha ya ofisi. "Iache," akasema Fundi Mkuu, na ikaachwa.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Vwawa, nikafundisha makarani kupanga majembe ya kukokotwa na mashine za kumenya kahawa kwa njia hiyo hiyo. Mameneja walikuja wakaondoka. Mfumo ulibadilishwa mara mbili, na kila mara kanuni ikahamishiwa mfumo mpya. Nilikuwa nikiona oda ya kijiji cha milimani nisichokijua, breki zinajiingiza zenyewe, na vinyweleo vinanisimama. Ninyi vijana mmezizoea hizi mashine. Mimi sikuwahi kuzizoea, na nashukuru.

Sasa nimestaafu, nalima kahawa yangu karibu na Mbozi Mission. Juzi karani mpya wa Tunduma alinipigia.

"Shikamoo, mama. Kuna mteja ana haraka, anataka breki zitolewe. Mfumo umenigomea, unataja ng'ombe. Ni kweli hayo?"

"Marahaba. Ni kweli." Nikamsimulia yote. Nikamsikia akimwambia mteja asubiri breki zake.

"Mama, huyo ng'ombe aliitwa nani?"

Sikulijua jina lake. Huku kwetu ng'ombe wa kulimia ana jina, na huitwa kwa jina hilo kila asubuhi. Miaka yote nimefundisha watu kuuliza, na hilo sikuwahi kumuuliza Mama Atupele. Jumamosi napanda gari la Ileje, niende Ibaba kumuuliza.