Sauti ya Babu Kwenye Filamu ya Wacheki

Hili jambo nalionea aibu mpaka leo, lakini kwa kuwa mmenibana, chekeni mapema kabisa, maana huko mbele sina hakika kama mtacheka.

Mnaijua kazi yangu pale banda la video Bariadi: filamu inaongea lugha ya kigeni, mimi nimeshika maiki naisemea Kiswahili, na lugha yenyewe siijui (naangalia midomo na kutunga, ndiyo kazi ilivyo). Jumapili ile mchana alikuja mama yake Nkwimba, mchumba wangu, kutoka Migato, aone kwa macho yake kama ninachokiita kazi ni kazi kweli, kabla hajakubali kupokea posa. Na mimi kwa ujuaji wangu nikaweka filamu mpya ya Kicheki ambayo sikuwa nimeitazama hata kidogo.

Kumbe hawa Wacheki wa siku hizi wanapenda kufukua mambo yao ya zamani. Askari wanahamisha watu kijijini kwa nguvu, na bwana mmoja wa kijiji hicho hicho anawaonyesha nyumba. Nikaona huyu ndiye wa kuchekesha, nikampa sauti ya marehemu babu yangu wa Ngulyati, ile ya kukwaruza yenye kikohozi katikati: "Hii hapa, khoo, na hii hapa!"

Hakuna aliyecheka. Giza mle ndani, bati linalia kwa jua, halafu nikamsikia yule mama anasema polepole, "Sasa watachoma." Nyumba ikawaka. "Mbwa atarudi." Na kweli mbwa akarudi, akazunguka majivu, nywele zikanisimama, maana yule mama hajawahi kuona filamu ya Kicheki maishani mwake. Nikadhani nikizidisha utani watachangamka, basi nikakohoa tena.

Akasimama, kivuli chake kikaziba nusu ya picha.

"Mwanangu, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Ni ya babu yangu, mayu."

"Alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Ngulyati?"

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunakaa huko, mimi bado mtoto. Ile operesheni ya kutuhamishia vijiji vya ujamaa, alikuja na askari mpaka mlangoni kwetu. Akakohoa hivyo hivyo. Akasema, hii hapa."

Babu huyo huyo aliyenibeba mgongoni! Kwenye picha yule bwana sasa amezeeka, amepiga magoti mbele ya mwanamke, anaongea Kicheki kirefu huku analia.

"Endelea," mama akasema. "Nataka nisikie anasema nini."

Banda zima likanigeukia. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka, na wallahi niliogopa kwamba nikianza kuongea, atakayeongea si mimi.

Akangoja mpaka yule bwana akamaliza kulia.

"Hata babu yako tulimuuliza, akanyamaza hivi hivi," akasema, akajitanda kitenge chake akatoka.

Filamu za Wacheki bado naonyesha, wazee wanaziulizia, ila maiki nazima, na marehemu siwaigizi tena hata mkinipa nini. Nkwimba ameolewa Maswa. Sikualikwa.