Paa Tambarare la Kanisa Letu Sigowet

Wacha niwaambie tu, hata mkinicheka mpaka Krismasi: mimi ndiye yule arkitekti aliyemnyeshea askofu ndani ya kanisa.

Nilikuwa nimetoka chuo juzi na kichwa kikubwa, napenda majengo ya kisasa, kuta nyeupe bila pambo, paa tambarare la zege (mabati niliyaita ushamba, mimi niliyezaliwa chini ya mabati), kwa hivyo kanisa letu liliponipa kazi nikachora sanduku jeupe zuri ajabu, halafu nikafuta paipu tatu kati ya nne za kutoa maji kwa sababu zilikuwa zinaharibu ukuta wangu, na ile moja nikaielekeza juu ya mlango.

Fundi Kiprono akauliza, "Maji yote ipite hapo?"

"Fundi, fuata mchoro."

Siku ya ufunguzi, saa nane mchana, askofu ndio ameanza kuhubiri, mvua ya mawe ikashuka. Nimekaa mbele natabasamu, lakini macho yangu yako juu. Tone likaanguka kwa Biblia. Askofu akapangusa, akaendelea. Halafu dari ya mbao iliyo chini ya zege ikaanza kufura kama tumbo la ng'ombe, na chini yake wamekaa akina mama wa kwaya, mamangu akiwa katikati, na mimi (Mungu anisamehe) bado nawaza nitaaibika vipi nikisimama.

Nikasimama. "Tokeni! Tokeni nje!"

"Wesley, ni nini?" mama akauliza.

"Mama, toka!"

Wa mwisho alikuwa hajafika mlangoni dari ikaporomoka, askofu akaloa kofia mpaka viatu. Hakuna aliyeumia, lakini kwa kutaka kurekebisha mambo haraka nikapanda ngazi na suti yangu, nikaingiza mkono kwa paipu, nikatoa barafu iliyokuwa imeziba, na maji yote ya paa yakawashukia wale wale niliowaokoa, wamejikinga pale mlangoni.

Kiprono akaita kutoka chini, "Arkitekti, shuka. Umefanya ya kutosha."

Nilishuka. Mama alinifunika leso yake iliyolowa, na hilo ndilo liliniuma kuliko kicheko cha watu wote.

Sasa siku hizi, kabla sijashika penseli, naenda kusimama kwa kiwanja chenyewe mvua ikinyesha, bila mwavuli, mpaka nijue maji yanataka kwenda wapi.