Jiwe kwenye maji ya muramu wangu

Mimi majina ninayo yote. Watu wa kikundi chetu cha ndoano, waliokufa na walio hai, na watoto wao, na mama zao waliowazaa, niulize yeyote nitakuambia. Lakini hapa sitaandika hata moja. Kwetu jina la mtu halitamkwi kwenye maji, na haya ninayokumbuka ni ya maji tangu mwanzo mpaka mwisho.

Sisi ni wa huku juu, karibu na Lushebere, watu wa maharagi na mihogo. Shamba liko kwenye mlima, mto uko chini, na ukikaa uani unausikia usiku na mchana kama mtu wa nyumbani anayesema peke yake. Maji yake yanashuka, yanashuka, mpaka yanaingia kwenye pori la Walikale. Njo maana kwetu kitu kikianguka mtoni hatusemi kimepotea. Tunasema kimeenda Walikale. Kamambili ya mtoto iliyomvuka mguuni, sufuria, mbuzi: imeenda Walikale, basi, usilie.

Kikundi chetu kilianza kwa kuchekwa. Tulikuwa wamama tuliochoka mgongo, jembe limetushinda, wengi wajane. Jumapili moja baada ya ibada mmoja wetu akasema, sisi tutakaa nyumbani tunangojea kupewa bukari kwenye sahani kama watoto? Ndoano haitaki mgongo, inataka matako tu. Tukacheka mpaka tukashikana. Toka siku ile tukawa wavuvi. Fimbo ya mwanzi, uzi wa nailoni, na kipande cha kamambili kuukuu cha kuelea juu ya maji. Wanaume wakipita darajani wanasema, “Bamama, mumeshika nyoka ngapi?” Tulikuwa na prezidante wetu, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamua ugomvi wa nafasi.

Maana kila mtu alikuwa na nafasi yake mtoni. Kuna Pa Mukwe, pale jiwe limeinama kama mtu anayeona haya. Kuna Pa Mafuta, maji yametulia, kambale wakubwa wanalala chini. Kuna Kivuko, pa watu wote, hapana samaki wa maana. Ukienda kwenye nafasi yako unafunga fundo la majani mabichi kwenye tawi, pale njia yako inapoacha njia kubwa. Ukirudi unalifungua mwenyewe. Mwingine akikuta fundo, anapita mbali. Hashuki, hakohoi, haiti. Samaki wanasikia kwa miguu yako kabla hujasema neno.

Na jina, nimeshasema, haliitwi. Wazee walituambia mto una koo, ukisikia jina unalimeza, halafu unaliita wenyewe siku nyingine. Mimi nilipokuwa mtoto niliogopa koo hilo. Miaka hii tumepata sababu nyingine, haina haja ya wazee. Kuna watu wanapita porini na bunduki, wanajua majina ya watu wa kijiji, wanaita vizuri kama ndugu, na aliyeitikia huwa harudi. Kwa hiyo tukafundishana: ukisikia jina lako mtoni, lala kwenye matete, ziba mdomo, usitoke mpaka kunyamaze kabisa. Tulifundishana vizuri. Vizuri kupita kiasi.

Sasa muramu wangu. Huyu ni dada ya bwana yangu, tumezeeka pamoja tukigombana. Bwana yangu alipokufa, aliyebaki wa kunijua ujana wangu ni yeye peke yake. Ulimi wake ni pilipili. Kwa ndoano hakuna aliyemfikia. Nafasi yake ilikuwa mbali, nyuma ya kona ya mto, jiwe kubwa katikati ya maji, unavuka kwa kuruka vijiwe. Njia ya kushuka ni mteremko wa udongo kati ya matete. Nilimwambia mara nyingi:

“Wewe, kwa magoti hayo, siku moja utaenda Walikale.”

“Nikienda nitakuletea nyama ya pori. Wewe baki hapo Kivuko na vidagaa vyako.”

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumua. Mlima wa juu, ule unaoangalia mto, miti yake ilikuwa imekatwa yote kuchomwa makala ya kupikia, ukabaki uchi. Wenye ng'ombe waliotoka kule wakasema ardhi imepasuka, ufa mrefu kama njia. Watu wakaitikia “Eeh,” wakaendelea kupalilia. Mlima ni mlima, utaufunga kamba?

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekata. Nilikaa uani nachambua maharagi kwenye lungo. Mkono ukasimama wenyewe. Kitu fulani kilikuwa kimepungua na sikujua ni kitu gani. Kuku walikuwepo. Moshi ulikuwepo. Jirani yangu, mama kijana, alikuwa anaanika nguo kwenye uzio, akaniangalia.

“Mama, unasikiliza nini?”

“Sisikie kitu.”

“Basi iko masikio, ni uzee.”

“Hapana. Sikiliza na weye. Mto iko wapi?”

Akasimama na nguo yenye maji mkononi. Mto haukuwepo. Badala yake kulikuwa na kimya kimekaa chini pale bondeni, kama mtu amezibwa mdomo.

Nikashuka mbio, mbio ya mtu wa umri wangu, na fimbo. Kabla sijafika nikasikia vicheko. Kivuko kilikuwa kimejaa watu. Maji yamebaki vidimbwi, tope linang'aa, na samaki wanarukaruka kwenye tope, kambale wa urefu wa mkono, wale tuliokuwa tunawaota. Watu wa kijiji, watu wa kambi ya wakimbizi, wamama na mabeseni, watoto na ndoo. Prezidante wetu yuko katikati, amekunja kikwembe mpaka mapajani.

“Kuya, mama! Kuya! Leo Mungu ametoa ndoano mwenyewe!”

“Muramu wangu iko wapi?”

Akanionyesha kwa kidevu tawi lililo mwanzo wa njia ya kona. Fundo lilikuwa pale, la majani mabichi, bado lina umande.

“Alipita asubuhi mapema, mbele mto haujakauka. Usimufuate, unamujua. Ukimuharibia samaki, atakutukana mpaka Pasaka.”

Na wote walikuwa wamelipita fundo lile. Walikuwa wamefurahi, walikuwa wanaitana kwa ishara kushiriki neema, lakini yeye hakuna aliyemfuata, kwa heshima. Adabu yetu ilikuwa imemwacha peke yake kule.

Nikamshika prezidante mkono, tope likaniingia kwenye vidole. Nikamwambia neno la baba yangu. Baba alikuwa mtu wa mto, alinifundisha nikiwa mdogo: mto ukikauka jua likiwaka, ni njaa, mto ukikauka mvua ikinyesha, kuna kitu kimeukalia huko juu, na kitasimama.

“Mulima,” nikasema. “Mulima umeanguka mu mto, umeziba. Maji iko nyuma yake.”

Akacheka kidogo. Halafu akaangalia juu, upande wa maji yanakotoka. Uzi mdogo wa maji uliokuwa bado unapita kati ya mawe ulikuwa mwekundu kama udongo wa matofali, na ulikuwa unaleta mashina ya mihogo, mazima, na mizizi yake. Kicheko kikakauka usoni.

Sauti ile ya kwaya sitaisahau. “Tokeni! Wote! Wacha samaki, wacha beseni, pandeni!” Kuna papa mmoja, mwanaume wa kambini, alimjibu, “Mama, weye umeshajaza, sasa unatufukuza?” Prezidante akampiga na kambale mgongoni. Njo akapanda.

Mimi nikachukua njia ya kona. Nililigusa lile fundo nikipita, nikaomba Mungu anisamehe, maana sikuwahi kupita kwenye fundo la mtu maisha yangu yote.

Nilifika juu ya mteremko. Chini matete yameinama yote, mazito ya mvua. Jiwe lake nililiona nusu. Yeye sikumwona, niliona ncha ya mwanzi wake tu, imetulia. Mto mzima umekauka, lakini pale chini ya jiwe pana shimo, maji yalikuwa bado yamejaa, na samaki wote wa upande ule bila shaka walikuwa wamekimbilia humo. Alikuwa anavua kwenye sufuria. Angeondoka vipi?

Nikaita, “Weye!” Kimya. “Mama! We mama!” Kimya. Mama ni wote. Harufu ikanifikia, harufu ya udongo uliolimwa sasa hivi, lakini udongo wa ndani sana, wa baridi, kama wa kaburi. Ndege hawakuwepo. Basi nikafanya kile ambacho hatufanyi. Nikafungua mdomo nikaita jina lake, lile la nyumbani, alilopewa na mama yake.

Ncha ya mwanzi ikashuka. Ikapotea kwenye matete.

Alikuwa amelala. Alikuwa amenisikia, na alikuwa anafanya kama tulivyofundishana, tumbo chini, mdomo umezibwa. Kila nikiita nilikuwa namkandamiza zaidi pale chini. Nilijaribu kushuka; mguu ukateleza, nikakaa matakoni, nikaona magoti yangu hayatanifikisha na kunirudisha. Huko juu kitu kikalia, si radi, kama mti mkubwa unaopasuliwa polepole.

Nikaokota jiwe.

La kwanza lilianguka kwenye matete. La pili likapiga maji, pwaa! katikati ya lile shimo lake. Nikatupa lingine, na lingine, nikachafua maji yale kama mtoto asiye na mama. Mwenye bunduki hatupi mawe. Mzimu hautupi mawe. Anayetupa mawe kwenye maji ya mtu ni mpumbavu wa kijiji, na mpumbavu wa kijiji haogopwi.

Matete yakafunguka.

“Nani huyo? Nani huyo mwenye alizaliwa bila kuoshwa? Nilikuwa na kambale mu ndoano! Kambale kama muguu!”

“Ni mimi!”

“Ni wewe? Mukubwa muzima, unatupa majiwe kama unafukuza imbwa? Ngoja! Ngoja nikufikie!”

“Kuya unipige! Panda kwanza, njo utanipiga!”

Akapanda. Mungu ajua, hasira ina magoti. Akaruka vijiwe, akashika matete, akapanda ule udongo kwa mikono na miguu, anataja baba yangu, anataja babu yangu, na mimi namjibu matusi mengine ili asipoe. Alipofika juu aliinua mwanzi wake kunipiga kweli, na mkono ukabaki hewani.

Haikuja kama maji. Ilikuja kama mlima unaotembea, mwekundu, umesimama, umebeba miti iliyosimama. Sauti ilifika nyuma yake. Lile jiwe, ambalo babu zetu walilikuta pale, sikuliona likivunjika wala likibiringika. Nilifunga macho, nilipoyafungua halikuwepo.

Ardhi ilitetemeka chini yetu kwa muda mrefu. Yeye alikuwa ameshika kikwembe changu kama mtoto.

“Kitunga changu cha samaki,” akasema.

“Kimeenda Walikale.”

Hakucheka. Nami sikucheka. Wa Kivuko walikuwa wamepanda wote, prezidante alikuwa amewachapa na kuwavuta mpaka wa mwisho. Habari za wale wa chini zaidi, vijiji vya mbele ambako sisi hatukujulikana na sauti yetu haikufika, hatukuuliza sana.

Jumapili kikundi kilikaa. Prezidante akasema desturi ibadilishwe, mtu akiitwa jina aitikie. Muramu wangu akasimama. “Huyu akiniita tena kwa jina, nitalala tena. Na nyinyi mutalala. Bunduki haijaisha.” Tukaona ni kweli. Tukakubaliana: jina libaki limefungwa, fundo liheshimiwe, lakini ukiona hatari, tupa jiwe kwenye maji ya mwenzio. Na ukitupiwa jiwe, toka, matusi baadaye.

Nilidhani muramu wangu ataacha kuvua kule. Aliacha msimu mmoja. Mto ulijichimbia shimo jipya chini ya kona, refu kuliko la zamani, na kambale wamerudi. Lakini sasa mvua imerudi nayo. Wenye ng'ombe wanasema ule ufa haukuisha, umehamia pembeni, mbuzi wanauruka. Juzi asubuhi nilipita, nikaona kwenye tawi la njia yake fundo la majani mabichi.

Sikumwita. Niliokota mawe njiani, nikayafunga kwenye kikwembe, nikaenda kukaa juu ya mteremko, kimya. Chini ncha ya mwanzi ilikuwa imetulia.

“Nakusikia unapumua,” akasema bila kugeuka. “Samaki wangu wanasikia na wao.”

“Vua.”

Mawe yalikuwa mazito mapajani. Niliutazama mlima, nikausikiliza mto unavyosema, unasema, unasema. Halafu sauti ikashuka kidogo. Pengine ulikuwa upepo tu. Nikachukua jiwe la kwanza, nikatupa.