Debe la Mama Kabula

Magunia matano ya mahindi yangu na debe moja lisilo langu. Hiyo ndiyo gharama ya jambo ninalotaka kukusimulia, mwanangu, na nimeihesabu mara mbili kabla ya kushika kalamu. Siku lilipoanza naikumbuka kana kwamba turubai bado limetandikwa uani.

Ulikuwa mwezi wa pili. Mahindi ya vuli yalikuwa yametoka shambani, kijiji cha Ulaya, na masika yananyemelea kutoka milimani. Nilikuwa na watoto wawili, Eliza na mdogo wake, na mama yangu mzazi aliyekuwa hawezi tena kubeba mzigo, katika nyumba ya kupanga, Magomeni, hapa Kilosa. Mume wangu alikuwa kwenye vibarua vya mbali, akija nyumbani anakuja kama mgeni, anaondoka kabla hujamzoea. Magunia sita niliyovuna ndiyo yalikuwa ugali wetu mpaka mavuno mengine. Hapakuwa na akiba nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kuuza vitunguu Mikumi, pale barabarani mabasi yanaposimama. Sasa elewa kazi ile ilinifundisha nini, maana ndipo ugonjwa ulipoanzia. Mchuuzi hununua kabla ya kuuza. Ukimwonyesha mkulima kwamba vitunguu vyake vimekupendeza, umekwisha. Bei inapanda hapo hapo. Kwa hiyo unakunja uso. Unashika kitunguu kizuri kama umeshika panya aliyekufa, unauliza, "Hivi ndivyo vilivyobaki?" Nilikuwa hodari wa kukunja uso, mpaka nikawa nasahau kuukunjua nikifika nyumbani. Mama akinipikia, nakula kimya. Mtu akinitua ndoo, naingia zangu ndani. Niliamini kwamba kusema ahsante ni kukiri kuwa kitu ni kizuri, na ukishakiri utapandishiwa. Wala hakuna aliyekuwa ananiuzia kitu pale nyumbani, mwanangu! Mama yangu angenipandishia ugali kwa shilingi ngapi?

Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi Mama Kabula, Msukuma kutoka upande wa ziwa. Mumewe alikuwa mbali, akichunga ng'ombe. Yeye alipanga mjini ili binti yake apate kusoma. Sisi Wakaguru wa pale tuliwatazama wageni wale kwa jicho la pembeni. Ng'ombe wao wakipita karibu na shamba, kila mtu anakwenda kuhesabu mabua yake. Mimi nilikuwa nahesabu hata kama ng'ombe hawakupita.

Basi siku ile nilianika mahindi uani, nikaondoka na lori la alfajiri kwenda Mikumi. Mchana mvua ikanyesha Kilosa. Niliporudi jioni nilikuta turubai tupu, maji yamejaa uani, na mahindi yangu yote yamerundikwa kibarazani kwa Mama Kabula, hayakuguswa na mvua, yamefunikwa kwa kanga zake mwenyewe.

Unadhani nilifanya nini? Nilichukua debe nikaanza kupima.

Kabla ya kuanika, gunia moja nilikuwa nimeliacha ndani kwa kuwa turubai halikutosha. Matano niliyoyatoa yalikuwa debe thelathini. Nilipima, nikapata ishirini na tisa. Nikarudia, ishirini na tisa. Kesho yake asubuhi, bombani, mbele ya wanawake waliopanga ndoo foleni, nikamwuliza.

"Mama Kabula, debe langu moja liko wapi?"

Alinitazama kidogo. "Mayu," akasema, maana kwao mwanamke huitwa hivyo, "umehesabu vizuri?"

"Mara mbili."

Aliacha ndoo yake kwenye foleni, akaenda nyumbani, akarudi na debe la mahindi kichwani. Akalitua miguuni kwangu.

"Sasa yametimia?"

"Yametimia," nikasema. Nikalibeba, nikaondoka nalo. Sikuongeza hata neno.

Siku mbili baadaye nilifungua ndoo ya unga nisonge ugali, nikaikuta imejaa mpaka juu. Nikasimama na kifuniko mkononi. Debe lile nilikuwa nimelipeleka mashineni mwenyewe, asubuhi ya siku moja kabla ya kuanika. Nilihesabu mara mbili, ndiyo. Lakini nilihesabu kabla ya kusaga, na baada ya kusaga sikuhesabu hata mara moja.

Mama alinitazama. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema, nikasonga ugali. Hapo ndipo kosa langu lenyewe lilipo, mwanangu. Kukosea hesabu ni kwa kila mtu. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikala.

Mahindi yalikuwa bado na unyevu, kwa hiyo wiki iliyofuata nikayatandaza tena na kwenda Mikumi. Saa sita niliona wingu kubwa upande wa Kilosa. Sikuhangaika. Nikajisemea, Mama Kabula yupo. Angalia akili yangu ilivyokuwa: nimemwita mwizi mbele za watu, na bado nilimpangia kazi.

Niliporudi, mahindi yalikuwa yanaelea. Turubai lilishika maji kama beseni, na punje nyingine zilikwishafika barabarani. Kibarazani alisimama Mama Kabula, nguo zimemganda mwilini, debe tupu mkononi. Kando yake alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja mkimya aliyewahi kuwa mwalimu, naye amelowa mpaka kofia.

"Mama Kabula! Hukuiona mvua?"

"Marahaba," akajibu yule mzee.

Sikuwa nimemwamkia. Nikapiga magoti matopeni. "Shikamoo, mzee."

"Nimeshaitikia. Msikilize mwenzako."

"Mvua niliiona," Mama Kabula akasema. "Nikasema, nikiyagusa bila shahidi, yatapungua. Nikaenda kumwita mjumbe aje apime nikiwa naingiza. Alikuwa shambani. Nikamfuata. Tumerudi sisi na mvua pamoja."

"Mimi nilikuja kuhesabu," mzee akasema, akiyatazama mahindi. "Lakini hivi yanavyokwenda, Mama Eliza, labda tuyahesabu kwa kuyakimbiza."

Kama ungekuwa wewe, ungecheka. Mimi nililia.

Mzee aliniacha nilie kidogo, kisha akauliza, "Mvua ya wiki iliyopita, michembe ya huyu ilikuwa wapi?"

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa; wenzetu wa ziwani hula hiyo wakati wa njaa. Nikasema sijui.

"Ilikuwa juu ya mkeka, hapo, hatua nne kutoka kwenye turubai lako. Nilikuwa dirishani kwangu, nimefungiwa na mafua. Alitoka mbio na binti yake, akaiacha michembe yake, akaanza na mahindi yako kwa kuwa yalikuwa mengi na ndani kwako mna mzee na watoto. Alipomaliza, michembe ilikuwa uji. Wewe uliporudi ulihesabu debe. Mkeka ule hukuuona?"

Niliuona, mwanangu. Niliuruka nikienda kuchukua debe la kupimia.

Mvua haikukata siku saba. Mahindi yakaota, yakashika ukungu, yakanuka. Magunia matano tuliyamwaga shimoni. Likabaki gunia moja la ndani, debe sita, kwa vinywa vinne na miezi mingi.

Usiku wa kwanza nilitafuta wa kumlaumu, nikakosa. Wa pili nikaamua. Na nikiamua jambo mimi huwa sirudi nyuma. Hata wanunuzi wa Mikumi wanalijua hilo. Asubuhi nikapima debe moja kutoka kwenye yale sita, likiwa limejaa hadi kilele. Mama akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia, "Ndiyo kwanza umenitoka." Nikalijitwika mpaka bombani, saa ile ile ya foleni, kwa sababu uongo wangu niliusema hadharani na hauwezi kufutwa uani.

Nikalitua miguuni kwa Mama Kabula.

"Debe lile nililipeleka mashineni mwenyewe. Hukuiba. Nililijua hilo tangu wiki mbili zilizopita nikakaa kimya."

Maji yakawa yanamwagika kwenye ndoo iliyokwishajaa, hakuna aliyeyafunga.

"Umehesabu?" akauliza.

"Mara mbili."

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Mama Kabula hakucheka. Alikuwa anangoja, nami nilijua anangoja nini. Mdomo wangu ulikuwa mzito, maana hata mama yangu mzazi hakuwa amelisikia neno lile kwangu kwa miaka.

"Ahsante," nikasema. "Kwa mahindi uliyoyaokoa. Na michembe yako, pole."

"Hiyo ni moja," akasema. "Wewe si mtu wa mara mbili?"

"Ahsante, Mama Kabula."

Akalichukua debe lake. Alilichukua kweli, hakunirudishia, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Akajitwika, akageuka. "Kesho kama unakwenda Mikumi, ufunguo wa jikoni niachie mimi. Paa lenu linavuja upande huo, mvua ikija nitakinga kwa beseni."

Miezi ile tulikula mara moja kwa siku, na siku nyingine ilikuwa michembe ya jirani. Kila nilipokula nilisema ahsante, na mama yangu akawa ananigusa paji la uso kama nina homa.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na siipunguzi hata ukinibembeleza. Kukunja uso ni kwa sokoni. Ukivuka kizingiti cha nyumbani, kunjua. Anayekutua ndoo, anayefagia ua kabla hujaamka, kijana wa mashine anayekung'utia unga wa mwisho kwenye mfuko wako, mama anayekubakizia ukoko kwa kuwa unaupenda: hao hawakupandishii bei. Waone kabla hujahesabu. Ukiwa umewakosea mbele za watu, rudi mbele za watu hao hao, na urudi na debe lililojaa. Usingoje mvua ikuonyeshe nani alikuwa anakuanulia.

Mungu akupe mavuno, na akupe pia jirani wa kuyaingiza ndani ukiwa haupo. Akupe macho ya kuuona mkeka wa mwenzako.

Mama Kabula sasa yuko Mvumi kwa binti yake, na masikio yamechoka. Nikimpigia simu, ahsante ya kwanza anaisikia, ya pili anasema, "Haloo? Haloo?" Nimeamua kwenda mwenyewe masika yakiisha, na kilo tano za michembe. Wewe nasaha hii sikukuuzia, lakini nataka unilipe. Leo kabla jua halijazama, mtafute mtu mmoja wa nyumbani kwako umwambie ahsante, kisha umwambie tena. Ya kwanza atadhani ni adabu tu. Ya pili atajua umehesabu.