Wifi na Bafu la Bweni

Wifi yangu, kazi nilimtafutia mimi mwenyewe. Ndiyo, mimi! Kaka yangu alinibembeleza, "Mke wangu anakaa bure na cheti chake," nikaenda kumsemea kwa mkuu wangu wa kazi. Naanza na hilo ili uujue uchungu wangu.

Sisi ni makarani wa chumba cha kumbukumbu hospitalini. Mgonjwa akishatibiwa, faili lake linatujia, nasi tunageuza maneno ya daktari kuwa namba: kaumia nini, kaumiaje, kaumia wapi. Hilo la wapi ndilo lenye kesi. Mwanafunzi akiumia bwenini, kitabu cha namba kinataka ujue ni chumba cha kulala, bafuni, bwaloni, jikoni au kwingine. Sasa madaktari wetu, jamani, wanaandika "ameanguka bwenini" na kalamu chini. Kwa faili la namna hiyo ipo namba yake: mahali hapakutajwa. Namba hiyo vidole vyangu viliijua vyenyewe. Nilikuwa namaliza mafaili themanini kwa siku, na chai nimekunywa.

Wifi alipokuja akaleta mambo yake. Daktari hakuandika mahali? Ananyanyua simu, anampigia matroni wa shule.

"Shikamoo, mama. Yule binti aliyevunjika mkono, aliangukia wapi? Bafuni? Mlangoni au ndani kabisa? Asante, mama, mpe pole sana."

Dakika kumi, faili moja! Nilimcheka. Nikambandika jina, Mpelelezi, likashika ofisi nzima, ila wenzangu wakalifanya la sifa. Mkuu wetu alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na kiti chake nilishakiona changu, maana miaka kumi na minne si mchezo. Ghafla kila kikao ni Mpelelezi hivi, Mpelelezi vile. Nirudi nyumbani nipumzike, namkuta mama yangu mzazi: "Mkwe wangu ana akili, yule!" Mimi je, mama, nina makamasi kichwani? Roho iliniuma, sifichi. Nilikuwa nikimwona anacheka na simu sikioni, chakula hakipiti.

Nikaanza kumchimba. Saa za chakula, wenzangu wakitoka, nabaki kupekua mafaili yake. Siku ya nne nikampata. Shule moja ya wasichana, miezi mitano, mabinti kumi na tisa, na wote kawaandikia bafuni. Kumi na tisa! Nikasema huyu kachoka kupiga simu, sasa anapachika bafu tu kila faili. Sikungoja hata wenzangu warudi. Nilikwenda kumchongea mbio mbio, mafaili kifuani.

Mkuu akavaa miwani, akayapanga mezani, akamwita wifi. "Wote hawa bafuni?"

"Wote," akajibu, akafungua daftari lake. Tarehe, saa, maneno ya matroni, vyote vilikuwamo. Wengi waliteleza mahali pamoja, tangu shule ilipobadilisha vigae miaka mitatu nyuma. "Nilikuwa naandaa barua nikuletee, mkuu. Afadhali wifi kaona mapema."

Mkuu akapiga simu shuleni palepale. Kesho yake bafu lilifungwa, vigae vikaanza kung'olewa. Nami nikapewa asante, asante ambayo sikuifaidi, kwa sababu swali la mkuu lililofuata lilikuwa: "Na kabla yake, waliumia wangapi?"

Yakaletwa mafaili ya miaka miwili kabla wifi hajaajiriwa. Mabinti thelathini na wanne wa bweni lile lile, na kila faili lina saini yangu: mahali hapakutajwa. Mmoja alipasuliwa nyonga mara mbili. Mkuu hakufoka. Angefoka ningepata cha kujibu. Alivua miwani tu, na mwezi uliofuata kiti akampa wifi.

Siku yake ya kwanza kitini, wifi aliyagawa mafaili yale mafungu mawili, akanisogezea moja.

"Wifi, haya yako, haya yangu. Tuwapigie wazazi, yakae sawa."

Bila kisirani wala kijembe! Angenisimanga ningemchukia kwa raha zangu.

Simu ya kwanza alipokea mama mtu. Nikajitambulisha, nikauliza, "Mama, siku ile binti yako aliangukia wapi?"

Akanieleza yote: bafuni, alfajiri, alivyolala kwenye maji akiita mpaka wenzake wakaamka, anavyochechemea hadi leo. Alikuwa akilia.

"Shule ilisema mwanangu mzembe," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kutuuliza. Asante, mwanangu. Mungu akuweke."

Sikuweza kuandika. Nikamtazama wifi kule mezani kwake, simu sikioni, anaitikia, "Pole, mama. Pole sana." Kumbe ndicho alichokuwa akikipata kila siku, hatua tatu kutoka nilipokaa. Kiti kile sikukitaka tena. Nilimwonea wivu kwa zile simu zote.